Mustari nyekundu ya boti

Jumamosi

Velo, baisikeli yangu, haitarudi. Niliiuza nilipe formation, masomo ya usalama ya mapilote wa boti. Kule walitufundisha kupaka mustari nyekundu kwenye ubavu wa boti: maji yakifika hapo, hakuna kupakia tena.

Leo asubuhi, mbele ya kuondoka kwenda Isangi, maji yalifika hapo. Nikakataa muzigo zaidi. Wamama wenye kuuza chumvi wakashuka, wakaingia boti ya jirani.

Patron, mwenye boti, hata hakukasirika. "Pilote, mustari yako iko chini sana." Akaleta rangi, akapaka ingine juu zaidi. Mimi ndiye nilimushikia kopo. Wamama wakarudi, watoto mugongoni.

Bon. Zamani nilikuwa nazidisha muzigo bila kujua. Sasa nazidisha nikijua. Ni hiyo tu nilinunua na velo yangu.