Upande wa Yule Msichana Mrefu

Urambo, Jumamosi, mwezi wa Julai

Upepo wa kiangazi unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Nimefagia darasa mara mbili ingawa leo hakuna masomo. Nakaa, nainuka, nakaa tena. Hakuna kiti kinachonikubali.

Ni ile sinema ya jana.

Gari la sinema la serikali lilifika jua likizama, wakatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule. Walianza na Malkia akipunga mkono, kisha namna ya kukausha tumbaku, watu wakapiga miayo. Halafu ikaja picha ya shule moja huko Uingereza ambako wasichana hufundishwa kucheza. Si kwa ajili ya sherehe. Kila siku, tangu asubuhi, wanashika mti uliopigiliwa ukutani na kuinua mguu mmoja hadi usawa wa sikio, na mwalimu wao anapita akiwagusa magoti kwa fimbo. Wanasimama juu ya ncha za vidole. Walipovua viatu, vidole vilikuwa na damu.

Mama mmoja nyuma yangu aliuliza watoto wa watu wamekosa nini hata waadhibiwe hivyo. Mwenzake akamjibu kwamba ni kwa kukosa ngoma. Anayecheza kwa kinanda lazima aumie.

Mdogo wangu Kalunde hakucheka. Alikuwa hapepesi macho.

"Dada," alininong'oneza, "kumbe wenzetu wana shule ya kucheza."

Kalunde anacheza ngoma. Hilo ndilo linalotukosesha amani nyumbani. Tangu mavuno yaishe anatoroka kwenda kucheza na kundi la mashindano, naye baba yetu ni mzee wa kanisa. Kesho baada ya ibada ataitwa mbele ya watu atubu. Amekwisha kusema hatatubu. Basi watamtenga: hataimba kwaya, hatakaribia meza ya Bwana. Na mimi niliyemfundisha darasa la kipaimara, Baba anataka nisimame niseme kwamba nilimwonya, akakaidi.

Nilikubali. Hiyo ilikuwa Jumatano, kabla ya sinema.

Mwisho wa picha walibaki wasichana wawili. Mmoja, mfupi, alisimama kulia. Mwingine, mrefu, kushoto. Bwana wa sinema alitueleza kwa kipaza sauti kwamba yule mrefu alikuwa hodari kuliko wote, ila urefu wake umepita kipimo, kwa hiyo atarudishwa kwao. Msichana akainamisha kichwa.

Hapo watu wakainuka. Hakuna aliyewaambia. Huku kwetu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mtazamaji hahitaji kusema kitu: anahamia upande anaoupenda, na wenye watu wengi ndio washindi. Basi uwanja mzima ulihamia kushoto, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wakajazana upande wa yule msichana mrefu.

"Kaeni, jamani," bwana wa sinema alisema. "Hata mkihama, hawaoni."

Kalunde alihama. Mimi nilibaki. Viatu vyangu vya ualimu hulia kila ninapokanyaga, na Baba alikuwa amekaa mbele kabisa. Niliogopa asije akasikia ninakwenda wapi.

Tulipofika nyumbani Baba alisema ile si ngoma, ni mazoezi ya viungo.

"Basi na yangu ni mazoezi ya viungo, Baba," Kalunde akasema.

"Ya kwao hayana dawa za mganga," Baba alisema, akaingia ndani.

Na hakusema uongo. Kiongozi wa kundi lao hufukia dawa uwanjani ili kuvuta watu, Kalunde mwenyewe ameniambia. Siwezi kujidanganya kwamba Baba ni mjinga na mimi nina mwanga. Lakini nimemwona Kalunde akicheza. Nilipita njia ya shambani, nikajificha nyuma ya mihogo, nikatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna dawa iliyomfundisha vile. Amejifundisha, siku baada ya siku, kama wale.

Je, ni mdogo wangu ninayemhurumia, au ni wivu? Mimi sijawahi kupenda kitu kiasi cha kutengwa kwa ajili yake.

Kanisani benchi la walimu liko kulia. Kalunde atasimamishwa kushoto, peke yake. Sina maneno ya kuwashinda wazee, na dawa zile sitazitetea. Lakini yeye si wa kwenye shuka. Mtu akihama, ataona.

Mama ameniambia nipake viatu mafuta ya karanga, vitanyamaza.

Sitapaka. Nitavivaa hivyo hivyo, na vilie.