Mchanga Chini ya Chombo cha Maua

Jumatano, Lodwar. Upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Kwaru, kwaru, kwaru. Tangu jana sauti hiyo haijanitoka masikioni. Niliisikia nikiwa bado nje ya uzio wa Mama Achol kule Kakuma, nikadhani anasugua sufuria.

Alikuwa anasugua chombo cha maua cha kioo nilichokwenda kukitathmini.

Mama Achol huuza chai kwenye kambi ya wakimbizi. Chombo hicho alikitoa Juba kikiwa kimefungwa ndani ya shuka, na sasa anataka kukiuza ili binti yake aanze chuo cha uuguzi hapa Lodwar. Mimi hukagua vitu vya kale kwa niaba ya mnunuzi mmoja wa Nairobi. Wiki iliyopita Mama Achol alinitumia picha kwa simu. Katika moja niliona alama hafifu kwenye kitako: taji dogo na herufi mbili. Sahihi ya kiwanda. Kwa furaha nikamwambia akisafishe vizuri kabla sijafika.

Huku vyombo husuguliwa kwa mchanga wa lagga, ule mto mkavu. Nimezaliwa huku. Nilijua.

"Ejok, mwalimu," alinisalimu kwa Kiturkana. "Hii maua yake iko na uchafu, haitoki. Nimesugua siku mbili. Lakini chini imetoka yote, angalia."

Niliangalia. Taji halikuwepo.

Huo "uchafu" ni maua yaliyochorwa kwa tindikali, yenye ukungu makusudi, katikati ya mikato iliyochongwa kwa mkono. Kingo za mikato bado ni kali kidoleni. Kioo kilichomiminwa kwenye kalibu huwa na kingo butu. Nilikigonga kwa ukucha, kikalia muda mrefu, kama kristali inavyolia. Kwamba ni cha zamani na ni kizuri, sina shaka. Kilitoka kiwanda gani, sasa siwezi kuthibitisha, na mnunuzi hulipia sahihi.

Nilimweleza. Alimimina chai, kisha akasema, "Umesoma yote hiyo, na kusema tu usitumie mchanga ilikushinda?"

Binti yake alicheka. Mimi sikuweza.

Njia nzima ya kurudi niliiwaza ile picha ya wiki iliyopita. Taji linaonekana. Ningeituma peke yake, chuo kingepata ada, nami nisingeonekana mjinga. Nakiri kwamba hilo la mwisho ndilo lililonivuta zaidi.

Leo saa nne asubuhi nimetuma ripoti pamoja na picha mbili, ya kabla na ya baada. Kwenye nafasi ya sahihi nimeandika: "Ilikuwepo. Ilifutika kwa mchanga baada ya mimi kuagiza chombo kisafishwe." Nimemwomba mnunuzi pengo la bei alifidie kutoka kwenye ujira wangu.

Kisha nilimpigia Mama Achol, nikamsomea yote, neno kwa neno. Akaniambia nirudie polepole, binti yake asikie.

Nikarudia.