Televisheni Bubu ya Mshonaji

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho hayakusumbui sana na mguu umepoa. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umejaa kinyaa.

Jumamosi nilianza yale mafunzo ya elektroniki. Darasa linanuka mkojo wa panya. Mwalimu anakatia kucha juu ya meza hiyohiyo tunayolehemia, na vipande vinarukia vifaa vyetu. Nimeokota kimoja nikidhani ni waya.

Zoezi letu la kwanza ni kibao kidogo chenye chipu, rizista mbili, na waya wa plagi ya njano unaochomekwa kwenye televisheni. Unaandika programu, kibao kinachora picha. Televisheni nimeazimwa na mshonaji wa chumba cha jirani, mama mjane aliyehamia huku kutoka mji wetu. Ni ile ya zamani yenye chogo, nzito kama gunia la saruji. Tatizo ni kwamba napata mistari tu, inaserereka kwenda juu bila kukoma. Kila nikitoka kazini masjala, badala ya kupumzika, nakaa naikodolea macho.

Nielekeze, Baba. Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa huu.

Mwanao mpenzi


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Macho ni yaleyale, nasoma kwa lenzi. Mguu unalalamika baridi ikizidi.

Sikiliza. Televisheni haina akili. Inachora mstari mmoja, inasubiri kuambiwa ianze mwingine, hivyohivyo hadi chini. Ukichelewa kuiambia, picha inaserereka. Ishara ya kuiambia inapita kwenye rizista moja, ya weupe wa picha inapita kwenye nyingine, na rizista hizo hazilingani. Nahisi umezigeuza. Zibadilishe nafasi.

Huyo mwalimu wa kucha hanishangazi. Mafundi wa leo nikiwaona natamani kutema mate. Hawafungui kitu. Wanakigongagonga, wanakwambia kanunue kingine. Mimi miaka thelathini sikumrudishia mtu kitu kibovu, na wewe unajua.

Ila mgongo wa hiyo televisheni usiufungue. Kioo kinatunza umeme hata ukishachomoa plagi. Ukiona lazima, niandikie kwanza.

Baba yako


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi leo nacheka peke yangu.

Picha imetoka! Nilizibadilisha rizista kama ulivyosema, mistari ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Nilichora kikombe, halafu ufunguo. Ni vinukta vyeusi na vyeupe tu, lakini vinaeleweka.

Mshonaji alikuja na futi yake shingoni, akatazama, akarudi kwake. Akaja tena na picha ya marehemu mumewe, akaniuliza kama kibao kinaweza kumchora na yeye. Ilinichukua siku tatu kuigeuza ile sura iwe vinukta. Jana nikamwita. Alikaa kitandani kwangu, akamtazama. Kisha akasema, "Hata wakati ule ilikuwa hivihivi. Picha ipo, sauti hamna."

Ndipo akanisimulia. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akavunjika uti wa mgongo. Mwaka wake wa mwisho aliumaliza amelala chali, na televisheni hiihii ndiyo ilikuwa dirisha lake. Ilianza kukoroma, wakaipeleka kwa fundi. Ikarudi bubu. Wakairudisha, ikaja bubu. Mara ya tatu vilevile. Basi mume akawa anatazama midomo ya watu na kumuuliza mkewe, "Huyu anasema nini?" Mkewe akawa anatunga tu. Mpaka anafariki, alikuwa anatungiwa maneno.

Nataka kumtengenezea sauti. Nitaiacha siku nzima bila umeme, na kioo nitakitoa umeme kwa njia niliyokuona ukiitumia. Usiwe na hofu.

Mwanao mpenzi


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yako leo siulizi.

Nimeifungua. Kilichotoka kwanza ni harufu, kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya maji. Halafu mende. Mayai yao yamegandia kwenye nyaya, mavi yao yametanda kama majani ya chai. Nilifunga pua kwa mtandio, nikasafisha kwa brashi.

Nilidhani hicho ndicho kinyaa chenyewe. Sikuwa nimefika.

Skrubu za ndani zimepakwa rangi nyekundu ya kucha, tone moja juu ya kila kichwa. Mtu mmoja tu namjua anayefanya hivyo ili ajue kama kazi yake imeguswa na mwingine. Nilikuwa nakushikia kichupa, Baba. Kilikuwa cha Mama.

Mahali pa spika pana spika ndogo ya karatasi, imechanika, imebandikwa kwa gundi. Waya wake mmoja haukulehemiwa popote. Umekunjwa nyuma ya chuma ili usionekane. Hiyo si bahati mbaya. Mtu aliukunja kwa koleo, vizuri kabisa, kwa mkono uliotulia.

Nikamuuliza mshonaji, kama mtu anayepiga soga, walikuwa wanatengenezesha wapi. Akasema, "Kwa Fundi Miwani, mkabala na mashine ya kusaga. Mtu mpole sana."

Nilitoka nje nikatapika.

Sasa niambie. Ile radio kubwa uliyoiunda mwenyewe ukaiweka dukani, ambayo watu walikuwa wanasimama barabarani kuisikiliza, ambayo iliniingiza mimi kwenye kazi hii, spika yake uliitoa wapi?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Naona umekasirika, na mtu akikasirika haoni sawasawa.

Hujui nyakati zile. Vipuri havikuwepo. Kila fundi alikuwa akitoa hapa, akitia pale, na asiyefanya hivyo alifunga duka. Spika ile ilikuwa nzuri mno kwa televisheni ya aina ile. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa mtu wa kuhesabiwa siku, picha ilimtosha.

Mimi nimekulea na nimekusomesha kwa mikono hii. Usimwambie huyo mama kitu. Mtilie spika nyingine, funga mgongo, endelea na masomo yako.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Barua yako nimeisoma mara moja, kisha nikanawa mikono.

Umeandika "picha ilimtosha." Nimeyakata maneno hayo kwa wembe, nimekurudishia ndani ya bahasha hii. Sitaki kulala nayo chumba kimoja.

Mshonaji sijamwambia. Si kwa sababu umeniomba. Ni kwa sababu si langu la kusema. Anwani yake ni hii yangu, nambari ya chumba tu inayotofautiana, chake ni cha sita. Mwandikie wewe. Kabla hujamwandikia yeye, mimi usiniandikie.

Binti yako


19 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu sijui kuanza barua yako kwa neno jingine.

Barua uliyomwandikia mshonaji imefika Jumatatu. Alinigongea mlango akiwa ameishika kwa ncha za vidole, akasema mwandiko wako umepinda na miwani yake imepasuka, nimsomee. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alishanivuta chumbani kwake, akaketi kwenye cherehani, akachukua suruali ya mteja aendelee kupinda, akangoja.

Nikasoma. Nilisoma ulivyoitoa spika siku ya kwanza, na ulivyoukunja waya. Kumbe tangu siku hiyo ya kwanza ulijua mumewe ni mgonjwa, alikueleza. Nilipofika pale kwenye mara ya tatu niliurudia mstari. Sikujua kwamba alikuja akiwa ameibeba televisheni mwenyewe mgongoni kwenye mvua. Sikujua kwamba ulimpa kiti na taulo ya kujifutia, na kwamba alipokuwa anajifuta aligeukia radio yako akakwambia, "Fundi, radio yako ina sauti tamu." Nawe ukamjibu, "Asante, mama."

Kwa miezi hii mitatu nilidhani nimekwisha kukuchukia kiasi cha kutosha. Hapo niliona bado kulikuwa na nafasi.

Yeye hakuacha kushona. Nilipomaliza kusoma mpaka jina lako, alikata uzi kwa meno. "Naikumbuka ile radio," alisema. Akaigeuza suruali, akaanza mguu wa pili.

Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yako. Nilimwambia kwamba Fundi Miwani ni baba yangu. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma. Alisema alikuwa ameshajua tangu siku ile nilipotoka kutapika, na kwamba alikuwa anangoja kuona nani kati yangu na wewe atasema kwanza.

Nikamuuliza nikujibu nini. Nilingoja matusi, Baba. Ningeyaandika yote bila kupunguza.

Alipinda mpaka mwisho wa mguu ule, akaning'iniza suruali, akanipokonya barua, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya nyuzi.

"Mwandikie kwamba nimesikia."

Mwanao