Mafundo Manne ya Sayari za Mbali

Papa wangu wa Walikale,

Jana hapa Masisi mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kama kuna siku watu watafika Neptuni. Tangu redio itangaze kwamba kuna chombo kinachoizunguka dunia huko juu, watoto hawataki tena kusikia habari za mito na milima. Nilifungua kinywa nimjibu, nikasikia sauti yako. Nikawapa zoezi la kuandika na kugeukia ubao ili wasiyaone machozi yangu.

Unakumbuka likizo ile? Nilirudi kutoka shule nimevimba kichwa, eti nimesoma mbingu. Ulikuwa mlangoni unanoa mkuki. Nikakuchorea mavumbini jua, dunia yetu, na kule mwisho sayari nne kubwa za mbali: Mshtarii, Zohali, Urani na Neptuni. Nikakuambia mwalimu wetu amesema hata ndege ikiruka bila kutua, abiria atazeeka na kufa njiani, mtoto wake naye, mjukuu naye. Hukushtuka hata kidogo. Uliuliza tu, "Na kurudi je?"

Nikacheka. Nani anauliza kurudi kabla mtu hajafika?

"Mwanangu, muwindaji anahesabu kwanza kurudi, kisha njo anaenda. Na kule nyumbani, nani atabashikia kamba?"

Kamba. Katika ukoo wetu mwindaji hatamki idadi ya siku zake, kwa maana msitu una masikio. Anapiga mafundo kwenye kamba mbili, fundo moja kwa kila siku. Moja anakwenda nayo, nyingine inabaki kwa mkewe. Kila asubuhi wote wawili wanafungua fundo moja. Yakiisha na mtu hajarudi, wanaume wanaingia msituni kumtafuta. Mama hakuwahi kukuuliza unakwenda siku ngapi. Aliiamini kamba.

Uliondoka kesho yake, ukungu bado haujainuka. Mama alipokwenda kijitoni kuroweka mihogo, niliitwaa kamba yake ukutani. Nilitaka nisizisahau zile sayari, basi nikapiga mafundo manne mwishoni, nikizitaja moja moja kama mtu anayesali. Nilikusudia kuyafungua. Lakini Mama akaniita nikampokee mzigo, nikaitundika kamba mahali pake, na asubuhi iliyofuata lori likanirudisha Masisi. Mjinga mwenye daftari, Papa, ni hatari kuliko mjinga asiye nalo.

Habari zilinifikia shuleni: mti ulikuangukia mguuni, ukalala kando ya maji ukitafuna mizizi, na walipokuja kukutafuta siku zako zilikuwa zimeshapita, umebaki mifupa na ngozi. Mama alilia kwamba labda kuna asubuhi alizosahau kufungua fundo. Wewe ukawaambia watu wote, "Muache Mama. Ni mimi njo nilikosea kupiga mafundo." Mwindaji mzima kujiaibisha hivyo! Hata watoto walikucheka. Mguu haukupona, na msitu ulioupenda ukabaki kuutazama kutoka mlangoni.

Nami nilinyamaza. Niliogopa, kisha nikazoea kuogopa.

Kila nilipokuja likizo ulinipokea ukiegemea fimbo yako, kwa swali lile lile. "Mwanangu, zile za mbali ziko ngapi?"

"Ine, Papa," nilijibu kwa lugha ya nyumbani, si "nne" ya darasani.

"Njo vile. Ine."

Kisha unageuza mazungumzo, unauliza maharagwe ya Masisi yameotaje mwaka huu. Nilidhani unamtania mwalimu mdogo tu. Hata nilipokuwa mwalimu kweli, mwenye watoto wangu mwenyewe, bado uliniuliza, nami nikajibu kama kasuku.

Mwezi uliopita, baada ya matanga yako, Mama alinipa mfuko wako wa kuwindia. Ndani kulikuwa na kamba yako ya safari ile. "Njo ile alirudi nayo," akasema, "alikatala niitupe." Mafundo uliyoondoka nayo yote yalikuwa yamefunguliwa. Mwishoni kulikuwa na mengine, yamekazwa kwa mkono usio na nguvu, moja kwa kila siku uliyolala ukingoja watu ambao hawakuja. Nikahesabu. Manne.

Ulijua, Papa. Miaka yote ile ulijua, na kila likizo ulinifungulia mlango niseme.

Leo nimemjibu yule mwanafunzi. Nimemwambia watu watafika, labda si sisi, labda wajukuu wa wajukuu wake. Baridi wataishinda, giza watalishinda, binadamu ni mbishi. Ila kabla hawajaondoka waulizane habari ya kurudi, na yule atakayebaki na kamba asiichezee. Darasa lilicheka. Nami nilicheka kama wewe, mdomo upande mmoja.

Jumamosi napanda lori kwenda Walikale. Nitaketi na Mama, niweke kamba yako magotini pake, nimwambie hakusahau asubuhi hata moja.

Pumzika, Papa. Ukiuliza tena ziko ngapi, safari hii nitajibu vizuri: ziko ine, na ni mimi niliyezifunga.

Binti yako