Niliapa Sikuigusa Kompyuta

Alhamisi. Jua kali, mabati yanalia. Nimefunga duka saa sita mchana kwa sababu siwezi kuangalia watu usoni.

Leo ni siku ya tatu nafunga saumu, na si Ramadhani. Mke wangu akauliza, nikamwambia ni sunna tu.

Huo pia ni uongo. Nafunga kwa sababu niliapa kwa Mungu na kiapo kilikuwa cha uongo.

Nina duka dogo hapa Waberi, nachapa barua na kutoa kopi. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya miaka mingi. Mfumo wake wa zamani umeachwa na kampuni iliyoutengeneza, na ule mpya ukijaribu kuuweka unakataa, unaandika kwamba prosesa hii haikubaliki. Mashine inafanya kazi vizuri, lakini imeambiwa ni mzee.

Binamu yangu Abdirashid, mtoto wa shangazi, ni fundi wa kompyuta. Umri wetu ni mmoja, tulitahiriwa siku moja. Akasema iko njia ya kufanya mfumo mpya usiulize habari ya prosesa. Akatengeneza flashi ya kuuweka, akafungua mashine akaongeza memori, akaanzisha kazi. Mara mtu akamwita duka la pili aangalie printa. Aliniambia kitu kimoja tu: hapa usiguse mpaka nirudi.

Niligusa.

Skrini ilionyesha diski imegawanywa vipande viwili, ikauliza mfumo ukae wapi. Nikaona kipande kimoja kimejaa, nikafikiri natengeneza nafasi. Nikabonyeza futa. Ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Ndani ya kile kipande kulikuwa na sauti ya baba yangu. Baba hakujua kuandika. Akiwa na ngamia kule Hadado alikuwa anasema barua yake kwenye kaseti, anampa dereva wa lori alete mjini. Kaseti zenyewe ziliharibiwa na joto zamani. Ni Abdirashid aliyekuwa amezihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, maana mama yake pia anasikika humo, akiita ngamia waje kukamuliwa. Wote wawili ni marehemu.

Aliporudi, mashine ilikuwa imewaka na mfumo mpya. Akafurahi. Halafu akatafuta folda ya zile sauti, haipo.

Akaniita ndugu, akauliza, "Walaal, uligusa?"

Nikasema sikugusa. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi. Akacheka kidogo. "Basi imejifuta yenyewe. Imekasirika kuitwa mzee."

Watu wakacheka. Mfuniko wa chuma wa kompyuta ulikuwa sakafuni. Niliuchukua nikampiga nao mdomoni.

Alianguka juu ya kibodi. Nikampiga tena. Nilisikia jino likivunjika, sauti ndogo tu, kama mtu anatafuna mfupa. Sikuacha. Nilimkalia kifuani nikampiga ngumi huku napiga kelele kwamba amemuua baba yangu mara ya pili. Nilikuwa najua ni mimi. Nilipiga mdomo kwa sababu mdomo ndio ungesema. Waliponivuta kwa shingo, damu ilikuwa imeingia katikati ya herufi.

Siku ya pili wazee wa ukoo walikaa. Wakaniuliza. Nikasema, "Wallahi sikuigusa."

Wakaamua hivi. Mimi nimemwaga damu, nichinje mbuzi. Yeye amepoteza sauti za marehemu halafu akacheka, aombe msamaha. Akaomba, na mdomo umeshonwa.

Nikamsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye.

Tulikula ule mbuzi pamoja. Abdirashid alikunywa supu tu, hakuweza kutafuna.

Tangu hapo hakuna mtu anampelekea mashine. Wanasema ndiye aliyefuta wafu. Jana nikasikia anauza vifaa vyake, na Jumamosi anaenda Ijara kuchunga mbuzi wa shemeji yake.

Leo asubuhi nilienda kwake. Nilimkuta anafunga bisibisi zake kwenye kitambaa. Nikasema yote. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Ile flashi haifuti kitu mpaka mtu abonyeze."

Nikamuuliza kwa nini basi aliomba msamaha. Akasema siku ile wazee walipokaa, ndugu zake walikuwa nje ya ukuta na panga, wanangoja neno lake moja. "Ningesema umeapa uongo, ungekufa pale pale. Halafu watoto wako wangekuja kwa watoto wangu."

Nilitaka kumshika mkono. Akautoa.

"Mimi unaniambia ya nini? Waambie wale uliowaapia."

Nimerudi nikakaa hapa na njaa yangu. Nilifikiri siku tatu za saumu zitaniosha. Lakini saumu ni ya mimi na Mungu. Jino ni la Abdirashid, na jina lililochafuka ni lake. Miaka yote nimejiita mtu wa hasira, kama hasira ni ugonjwa umenishika. Siku ile haikuwa hasira. Ilikuwa woga, na woga ulichukua chuma.

Nimewapigia wazee simu mimi mwenyewe. Watakaa kesho baada ya sala ya Ijumaa. Ndugu zake watakuwepo, na safari hii watakuwa ndani. Wakinipiga, sitainua mkono.

Abdirashid nilimpigia pia. Amesema atakuja kusikiliza, lakini hatakaa karibu na mimi.