Theluji ya Jipsam

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umegoma kuandika chochote kabla ya hiyo.

Nimechoka, Baba. Tangu tukuzike kule Samuye, mwaka mzima nimekuwa nikilikwepa sanduku lako la pango la Noeli. Liko pale pale juu ya kabati, na wachungaji wako wa udongo, ng'ombe wenye nundu kama wa kwetu, na kibanda cha vijiti. Mwezi uliopita Mama Kulwa, mwenyekiti wa kamati ya mapambo kanisani, alikuja nyumbani akalifungua mwenyewe. Unamjua. "Hii theluji imekuwa kama meno ya mvuta sigara," akasema. "Majilio yakianza niikute nyeupe, la sivyo tunanunua pango la plastiki Mwanza, lenye taa zake kabisa."

Theluji ile ya jipsam ndiyo ya mwisho uliyoiweka wewe. Kwenye paa la kibanda kuna alama ya dole gumba lako, ulipojaribu kama imekauka, kumbe bado. Na mpya haishiki mpaka ya zamani itoke.

Nikaona nifanye ujanja: niliache paa, nitengeneze chini tu. Jipsam uliyobakiza ilikuwa imeganda ndani ya mfuko wake, nikachukua sembe, nikachanganya na gundi ya mbao. Usicheke. Siku ya tatu pango lilinuka kama togwa lililosahaulika, na sisimizi walikuwa wamejipanga mpaka kwenye hori la Mtoto Yesu. Mama alitazama, akasema, "Baba yako angekucharaza." Hakuwa amekutaja tangu matanga, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nikakumbuka ulivyojifunza. Fundi wa dari za jipsam hapa Katoro, theluji hujawahi kuiona, unakwenda kwa muuza sangara kumwomba afungue friza uchungulie barafu iliyoganda pembeni. Alidhani joto limekupanda kichwani. Ukarudi unaniambia, ukiniita mama kwa kilugha chetu kama kawaida yako, "Mayu, theluji haipakwi kama lipu. Inaanguka. Ikae juu ya vitu, siyo ubavuni." Tukachekecha unga wa jipsam kwa chujio la chai juu ya gundi mbichi, na unga kidogo wa jiwe jeupe la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ili ing'ae. Ulinifunga khanga ya mama puani kwanza, nisivute lile vumbi. Wewe mwenyewe hukujifunga kitu. Hilo bado linaniudhi.

Jumamosi asubuhi nililiosha pango. Maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Nilianza na hori, nikaenda kwa ng'ombe, nikawarudia ng'ombe waliokwishatakata, ili tu nisifike kwenye paa. Nikafika. Alama ya dole lako ikalainika, ikaondoka. Nililia, na sikujificha.

Kisha nikanunua jipsam mpya, nikachekecha kama ulivyonionyesha, nikaacha udongo uonekane chini ya matawi ya kupambia, pale theluji isipofika. Imekaa vizuri. Mama Kulwa alilizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa. "Haya, libaki," akasema. Nilitegemea ningefurahi. Nilitaka kulala tu.

Yale maji ya kuoshea nimeshindwa kuyamwaga. Yako kwenye beseni uani, meupe kama maziwa, nimeyafunika kwa sinia. Mama ameuliza mara mbili kama anaweza kulichukua beseni afulie, nikamkatalia. Mara ya tatu hakuuliza, alikwenda dukani akanunua jingine.

Lala salama, Baba. Noeli ikipita nitayatia kwenye dumu, nipande nayo basi mpaka Samuye, nikayamwage kando ya msalaba wako. Kondakta akiuliza nimebeba nini, nitamwambia ni kazi ya baba yangu, namrudishia.

Mwanao,
Minza