Kamba Niliyoitoa Ghalani

Dada Agnela,

Tangu tukuzike, Mama hasemi na Mzee Kasto, jirani yetu. Jumapili kanisani alihama benchi asikae karibu naye. Watoto wanamfuata njiani: "Babu, kamba uliiachia wapi?" Anatembea tu.

Hakuiachia, dada. Ilikatika.

Siku ile mvua haikupumzika tangu alfajiri. Daraja lilikuwa limeshachukuliwa na maji, ndiyo maana ulipotoka kliniki Mnero ukapanda mtumbwi. Gogo likaupiga katikati ya mto. Wenzako wawili walifika ukingoni, wewe ukabaki umekumbatia mti uliozama hadi matawini. Uliponiona ukapaza sauti: "Sesi, usije majini, hizo nguo za shule nani atafua?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Mzee Kasto akasema ataingia na mtumbwi wa pili, yeye ashike ncha moja ya kamba, vijana washike nyingine ukingoni. Baba akanituma kamba ghalani. Niliikuta juu ya magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho tuliyobakiza msimu uliopita, chini ya paa linalovuja tangu mvua zianze. Nilipoishika, nyuzi zilibaki kiganjani kama makapi. Salfa ikikaa na unyevu inakula kamba, nilishasoma. Wewe mwenyewe ulinisikiliza nikikariri somo lile, ukasinzia.

Nikamwambia Baba, "Hii kamba, Baba..."

"Lete, mwanangu. Siyo saa ya maneno."

Nikampa. Ningeweza kupiga kelele. Wanaume walikuwa wengi, nikaona haya. Haya tu, dada. Hakuna sababu nyingine.

Ilikatika mzee akiwa ameshanyoosha mkono kwako, watu wakadhani ameiachia. Yeye maji yalimtupa kwenye matete, akapona. Mtumbwi ulipinduka, ukaja kuupiga mti wako. Sikukuona tena mpaka kesho yake.

Wageni wakija, Mama ananisifu: "Huyu alikimbia kuliko wote kuleta kamba." Ninainamisha kichwa. Wanadhani ni huzuni. Chai wakinipa, ninakunywa.

Alhamisi jumuiya inasali kwetu. Mzee Kasto ameambiwa asije. Nitamfuata kwake, tuingie pamoja, nami nitasema yote Mama akisikia. Baada ya hapo sijui kama atataka kuniona.

Lala, dada. Msamaha sikuombi leo. Nitakuja kuuomba hapo kaburini Ijumaa, nikishasema.

Mdogo wako,
Sesilia